Jinsi ya Kununua Nyumba Kongwe Iliyokarabatiwa Jijini Nairobi

Nyumba ilikuwa Parklands, ya orofa mbili, yenye kuta za mawe ya kuchonga na paa la vigae vyekundu, na tangazo lake lilisema kwamba imekarabatiwa kuanzia msingi hadi paani. Rangi ya sebuleni ilikuwa bado inanuka. Ajenti alipompeleka mteja wangu jikoni kumwonyesha makabati mapya, nilibaki nyuma, nikasogeza kabati la vitabu lililoegemezwa kwenye ukuta wa upande wa bustani, nikaibonyeza plasta kwa kidole gumba, shubiri mbili hivi juu ya sakafu. Ilibonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mlinzi aliyekuwa akifagia barazani alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Mzee, kabati hilo limeletwa juzi tu. Masika yakianza, hapo huwa tunapangusa maji kila asubuhi.”

Mteja wangu aliinunua nyumba ile hata hivyo, ila kwa bei nyingine na kwa masharti mengine, kwa sababu alikwisha kujua anachokinunua. Anayenunua nyumba ya namna hii hununua vitu viwili kwa bei moja: nyumba yenyewe, pamoja na mawe na mbao zake zilizodumu miaka sabini au tisini, na ukarabati, ambao huenda ulifanywa ili nyumba idumu miaka mingine hamsini, au ulifanywa ili ipendeze kwenye picha. Maelezo yanayofuata ni ya kumsaidia mnunuzi kuvitenganisha vitu hivyo viwili kabla hajatoa arubuni.

Kwanza ujue ni nyumba ya aina gani

Nairobi si mji wa kale kama Lamu au Mombasa. Reli ilifika hapa mwaka 1899, makao makuu ya utawala yakahamishwa kutoka Mombasa miaka michache baadaye, na hadhi ya jiji ilipatikana mwaka 1950. Kwa hiyo ajenti anapoiita nyumba “ya kihistoria”, mara nyingi anamaanisha nyumba iliyojengwa kati ya miaka ya 1920 na miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipowagawia watu mitaa kwa rangi zao. Wazungu walikaa Muthaiga, Upper Hill, Kilimani, Lavington na Karen; familia za Kihindi zikakaa Parklands, Ngara, Pangani na Eastleigh; Waafrika wakasukumwa Pumwani, Kaloleni na mitaa mingine ya mashariki. Ubaguzi huo uliandikwa hata ndani ya hati za viwanja, na hadi leo unausoma katika umbo la nyumba. Za upande wa Wazungu zina bustani pana, sehemu ya kuota moto sebuleni na vyumba vidogo vya wafanyakazi vilivyofichwa uani, ambavyo Nairobi nzima huviita SQ. Za Parklands na Ngara zimekaribiana zaidi, nyingine zinashiriki ukuta mmoja na jirani, zina baraza mbele na ua wa ndani, na zilizo bora zaidi zina jina la familia na mwaka wa ujenzi vilivyochorwa kwa saruji juu ya mlango wa mbele. Ukiona mwaka huo, upige picha. Ni ushahidi bora wa umri kuliko maneno ya muuzaji.

Hadithi za nyumba nazo huongezwa kwenye bei. Nyumba aliyoishi mwandishi Karen Blixen ilijengwa mwaka 1912 na imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986, yaani haiuzwi. Lakini nimekwisha kuonyeshwa nyumba nyingi anazodaiwa kulala hivi kwamba, kama madai yote ni ya kweli, hakuwahi kupata usiku mmoja wa kulala kwake. Usiilipie hadithi isiyo na karatasi. Ramani ya kiwanja iliyoambatanishwa na hatimiliki ina tarehe ya upimaji, michoro ya zamani huweza kupatikana katika kumbukumbu za kaunti, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue hupokea yeyote mwenye subira ya kusoma majalada.

Jambo moja la kisheria liulizwe mapema. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, jengo linaweza kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa jengo la kumbukumbu la kitaifa, na baada ya hapo mwenyewe hawezi kulivunja wala kulibadilisha bila idhini. Nyumba nyingi za watu binafsi hazimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, andika barua kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya uulize, kwa sababu kama nyumba imo, utataka kujua kama huo ukarabati unaosifiwa ulipata idhini, kabla lawama hazijakuangukia wewe.

Kuta

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ninamshauri kila mnunuzi afanye vivyo hivyo, kwa kuwa kosa la ukutani ndilo rahisi kufichwa na ghali kurekebishwa.

Mawe ya Nairobi ni ya volkeno, laini kiasi cha kuchongwa kwa tindo na nyundo, na yana vitundu vidogo vinavyofyonza maji na kuyatoa tena hewani. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta, au zilikuwa nacho na kimekwisha kuoza. Ukuta uliokaa hivyo kwa miaka mingi ulikuwa ukivuta unyevu wa ardhini na kuutoa nje kupitia mawe na chokaa, bila kumsumbua mtu. Kisha anakuja mkarabati, anaupaka ukuta plasta nzito ya saruji, anamalizia kwa rangi ya plastiki inayong'aa, na maji yaliyokuwa yakitoka taratibu yanakosa njia. Yanapanda ndani ya ukuta, na baada ya msimu mmoja au miwili yanatokeza kama malengelenge ya rangi, unga mweupe wa chumvi na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Unyevu unaotoka ardhini kwa kawaida haupandi zaidi ya mita moja hivi. Kwa hiyo, ukiona doa karibu na dari, tafuta kosa paani au kwenye bomba, wala usimwache fundi akuuzie dawa ya msingi.

Chukua sarafu ya shilingi ishirini ugonge plasta polepole kuanzia sakafuni kwenda juu. Palipo imara patatoa sauti kavu na fupi. Palipoachana na jiwe patalia kama chungu kitupu. Sogeza kila kabati lililo karibu na ukuta wa nje. Fungua milango ya makabati ya jikoni, hasa lililo chini ya sinki, uingize kichwa unuse. Halafu toka nje ukatazame mahali ukuta unapokutana na ardhi, kwani mara nyingi ukarabati huongeza bustani nzuri, na bustani nzuri huja na udongo ulioinuliwa mpaka ukaipita sakafu ya ndani, jambo linalofanana na kuivika nyumba soksi zilizolowa. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya sakafu na kuinama kuelekea mbali na nyumba.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta pekee si neno. Ufa unaofuata viungo vya mawe kwa hatua za ngazi, tena ulio mpana zaidi juu kuliko chini au kinyume chake, unaonyesha kwamba upande mmoja wa nyumba umezama au umenyanyuka. Sababu kubwa hapa Nairobi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Umeenea mashariki na kusini mwa jiji, pamoja na sehemu za Lang'ata na Karen, ilhali vilima vya kaskazini na magharibi vina udongo mwekundu ulio tulivu zaidi. Mkarabati mwerevu huziba ufa na kuupaka rangi, lakini hawezi kuziba kila kitu. Rudi jioni, zima taa, uilaze tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga uupitie kwa mshazari. Ufa uliozibwa utaonekana kama kovu. Tazama pia sehemu ya juu ya milango, kwa maana mlango uliorandwa upande mmoja ili ufunge vizuri unakiri kwamba fremu yake imekwisha kuhama. Timazi na pimamaji havidanganyi, na fundi yeyote anavyo.

Katika mitaa iliyobadilishwa kuwa ya maghorofa, kama Kilimani, Kileleshwa na sehemu za Parklands, ongeza swali moja: je, jirani anachimba? Shimo la maegesho ya magari ya chini kwa chini likichimbwa karibu na nyumba ya mawe isiyo na nguzo za zege, nyufa mpya hazikawii. Zunguka mtaa kwa miguu, usome mabango ya ujenzi yaliyo kwenye malango ya jirani, uone ni orofa ngapi zimeidhinishwa. Nyumba inaweza kuwa timamu leo na mwakani ikawa imeketi kivulini mwa jengo la orofa kumi na tano.

Kwa hayo yote, panga angalau ziara moja wakati wa mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Muuzaji anayeharakisha mauzo yakamilike Februari huenda ana haja ya fedha tu, lakini muulize.

Juu ya dari na chini ya zulia

Usikubali kuambiwa kwamba kitundu cha kupandia darini kimekwama. Panda, au mpandishe mtu mwepesi mwenye tochi na simu ya kupiga picha. Mapaa mengi ya wakati ule yaliezekwa kwa vigae vya udongo vya Mangalore vilivyoletwa na meli kutoka India, na mbao zake mara nyingi ni za mtarakwa, ambazo mchwa hawazipendi. Vigae hivyo hudumu kuliko aliyevipanga. Kinachochoka ni misumari na fito zinazovishika. Ukiona nuru ikipenya mahali, au fito mpya za mbao nyeupe zilizochanganywa na za zamani bila dawa ya mchwa, uandike. Wengine huondoa vigae na kuweka mabati yaliyofunikwa chembe za mawe. Hayo si mabaya, tena ni mepesi, lakini ni lazima yapunguze bei ya nyumba inayouzwa kwa jina la ukale.

Nyumba za miaka ya 1940 na 1950, hasa mabanda ya gari na vyumba vya uani, zinaweza kuwa na mabati ya asbesto, ya rangi ya kijivu na yenye mawimbi. Vumbi lake huharibu mapafu. Kisheria ni taka hatari, na kuyaondoa kunahitaji mtu mwenye leseni chini ya taratibu za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kama mkarabati anasema aliyaondoa, omba cheti cha yalikotupwa. Nimekuta yamezikwa nyuma ya migomba.

Sakafu za mbao ndizo fahari ya nyumba hizi. Nyingi ni vipande vya muhuhu au mvule vilivyopangwa kwa mshazari, na kila vinaposuguliwa kwa mashine hupungua unene. Sakafu iliyosuguliwa mara nne imekwisha kula akiba yake. Inua pembe ya zulia, tembea bila viatu, usikilize kipande kinacholia au kubonyea. Sakafu nyekundu ya saruji, iliyong'arishwa kwa nta miaka nenda miaka rudi, ni nzuri zaidi kuliko vigae vya kisasa vinavyowekwa juu yake, ingawa najua wengi hawakubaliani nami.

Kama kuna sehemu ya kuota moto, na Julai ya Nairobi utaihitaji, washa gazeti ndani yake. Moshi ukirudi chumbani, dohani imezibwa, na aghalabu wapangaji wa humo ni nyuki.

Nyaya na mabomba

Swichi mpya hazimaanishi nyaya mpya. Mpeleke fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, afungue soketi mbili tatu katika vyumba tofauti, aone kama nyuma yake kuna waya wa ardhini na kama nyaya ni za plastiki au bado ni za mpira unaopukutika ukiugusa. Nyumba hizi zilijengwa kwa taa chache na redio. Leo kila bafu lina shawa ya kupasha maji papo hapo, inayovuta umeme mwingi kuliko vyumba vyote vya wakati ule vikijumlishwa.

Kuhusu maji, fungua bomba zote za juu kwa pamoja kisha uvute maji ya choo. Bomba la chuma lililojaa kutu ndani litakuonyesha uzi wa maji ya rangi ya chai. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini na huja kwa zamu, hivyo uliza maji hufika siku zipi, matangi yanabeba lita ngapi, na kama kuna kisima, kibali chake kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kiko wapi. Karen na sehemu nyingine za pembezoni hutegemea mashimo ya maji taka badala ya bomba la jiji. La zamani lifunguliwe na lipimwe, kwa kuwa lilichimbwa kwa familia moja, na huenda sasa linahudumia mabafu matano mapya.

Karatasi za ukarabati

Mtindo wa siku hizi ni kuvunja ukuta kati ya jiko na sebule ili pawe na ukumbi mmoja mpana. Katika nyumba ya mawe, ukuta huo mara nyingi ndio uliobeba orofa ya juu. Nilipata kukagua nyumba moja ambayo mkarabati, fundi hodari wa rangi na mapambo, aliuondoa ukuta wa aina hiyo akaweka mbao mbili zilizofunikwa kwa bodi za jasi. Chumba cha kulala cha juu kilikuwa kimeshuka kiasi kwamba mpira wa mtoto ulijiviringisha wenyewe mpaka katikati. Kwa hiyo, kila palipo na uwazi mpana, uliza boriti iko wapi, ni ya chuma au ya zege, na mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa uko wapi.

Mabadiliko makubwa yanahitaji michoro iliyoidhinishwa na kaunti chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na mkandarasi anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Omba nakala za idhini, mkataba wa mkandarasi na stakabadhi za vifaa. Linganisha michoro na nyumba, chumba kwa chumba. Chumba kilichopo na kisichomo kwenye mchoro ni tatizo utakalolirithi, iwe ni orofa ya juu ya SQ au baraza lililozungushiwa vioo. Muuzaji aliyefanya kazi kwa uaminifu huwa na faili nene, tena hufurahi kuulizwa. Asiye na karatasi hata moja anauza rangi.

Hatimiliki

Nyumba inaweza kuwa nzuri na umiliki wake ukawa mbovu, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Chukua wakili wako mwenyewe. Usitumie wa muuzaji ili kuokoa ada.

Upekuzi wa hatimiliki za Nairobi sasa hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021. Wakati huohuo, hati zilizokuwa chini ya sheria za zamani, zenye namba zinazoanza kwa herufi L.R., zimekuwa zikibadilishwa kuwa namba mpya za vitalu chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Uliza namba ya zamani na mpya, na uhakikishe kwamba eneo, jina na deni lolote la benki vinafanana katika zote mbili. Usitosheke na upekuzi wa leo pekee. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hatimiliki safi ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Hilo linagusa nyumba kongwe moja kwa moja, kwa sababu nyingi zilikuwa za serikali, za reli au za manispaa kabla ya kuishia mikononi mwa watu binafsi. Mwagize wakili afuate mlolongo wote wa wamiliki hadi mgao wa kwanza, na kila mruko uelezwe.

Kisha soma muda. Viwanja vingi vya jiji ni vya kukodishwa na serikali kwa miaka 99, na kilichokodishwa miaka ya 1930 kinakaribia kwisha. Raia mwenye kiwanja hupewa nafasi ya kwanza ya kuongezewa muda chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, lakini maombi huchukua muda na ada, na benki hazipendi kukopesha juu ya miaka michache iliyosalia. Afadhali muuzaji aongezewe muda kwanza, au bei ionyeshe kwamba mzigo huo ni wako. Asiye raia hawezi kumiliki zaidi ya ukodishaji wa miaka 99 kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba, na waliokuwa na umiliki mrefu zaidi walihesabiwa upya kuanzia tarehe 27 Agosti 2010. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, na nyumba nyingi za familia za Parklands zimo ndani ya kampuni. Kwa hiyo omba fomu ya CR12 ya msajili wa kampuni uone wenye hisa ni akina nani, na uulize wana uraia gani.

Mtego mwingine ni urithi. Mzee aliyejenga amefariki, watoto wako London, Toronto na South C, na mmoja wao ndiye anayeuza. Sheria ya Urithi hairuhusu nyumba ya marehemu iuzwe kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi. Barua ya wanafamilia kukubaliana haitoshi, hata iwe na muhuri wa chifu. Kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa, idhini ya mwenzi huyo iwe imeandikwa na kutiwa sahihi.

Mwisho wa sehemu hii, mlete mpimaji mwenye leseni atafute alama za mipaka ardhini. Viwanja vikubwa vya zamani vimekatwakatwa mara nyingi, na ua wa michongoma haukupandwa na mpimaji. Kama bustani inashuka hadi mtoni, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Lavington, Riverside na Muthaiga, akupimie umbali kutoka ukingoni; baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali ilibomoa majengo mengi yaliyokuwa kandokando ya mito, na banda zuri la kuchomea nyama halina kinga.

Hesabu ya fedha na mkataba

Tuseme mmekubaliana shilingi milioni 120. Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10, yaani milioni 12, na salio hulipwa makabidhiano yanapokamilika, aghalabu ndani ya siku 90. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani milioni 4.8, na thamani hiyo hukaguliwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye mkataba ni kujidanganya na pia ni kosa. Ongeza ada za wakili, mthamini, mhandisi na mpimaji. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ni ya muuzaji; asikurudishie wewe kwa mlango wa nyuma. Muuzaji pia ndiye anayeleta vyeti vya kuonyesha kwamba hakuna deni la kodi ya ardhi serikalini wala la ada za kiwanja katika kaunti.

Malipo ya kwanza yasiende mkononi mwa muuzaji wala ajenti. Yakae kwenye akaunti ya wakili kwa maandishi yanayosema yatarudishwa lini na kwa sababu gani. Ajenti awe amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba na aonyeshe cheti cha mwaka huu.

Ndani ya mkataba, ambatanisha ripoti ya ukaguzi wako na orodha ya vitu vinavyobaki. Orodha hiyo naisisitiza kwa sababu katika nyumba za namna hii, mlango wa mtarakwa wenye bawaba za shaba una soko lake peke yake. Taja kila mlango wa asili, vitasa, taa ya kuning'inia sebuleni, mbao za sehemu ya kuota moto, hata birika la ndege bustanini kama unalipenda. Kwa kasoro zilizogunduliwa, kuna njia tatu: zirekebishwe kabla ya makabidhiano na mhandisi wako azikague, zipunguzwe kwenye bei, au kiasi fulani cha fedha kizuiliwe kwa wakili mpaka msimu mmoja wa mvua upite. Hiyo ya tatu wauzaji huikataa mwanzoni. Anayeuamini ukarabati wake huishia kuikubali.

Siku ya kupokea funguo, pita tena chumba kwa chumba ukiwa na orodha, tochi na ile sarafu, piga picha za mita za umeme na maji, kisha badilisha vitasa vya milango ya nje siku hiyohiyo. Kule Parklands kabati la vitabu lilikuwa limekwisha kuondolewa, na ukuta nyuma yake umebanduliwa plasta yote mpaka jiwe lilipoonekana, ukisubiri kukauka kabla ya kupakwa upya kwa chokaa. Mteja wangu alikuwa amemwomba mlinzi yule abaki kazini. Koki kuu ya maji tulikuwa tumeitafuta kwa nusu saa bila mafanikio, na muuzaji kwenye simu alidai haipo. Mlinzi aliweka fagio chini, akaenda moja kwa moja hadi chini ya kichaka cha bogenvilia kando ya lango, akafukua majani kwa mguu, akasema, “Iko hapa, Mzee, lakini ifunge polepole, mkono wake umelegea tangu zamani.”